"Atasimama tu": mtoto anayechelewa na kliniki inayopima kilo

Mtoto wa miezi 14 hajasimama dede. Mama yake akiuliza, bibi atamjibu kwamba baba wa mtoto naye alichelewa. Jirani atasema mtoto mnene miguu huwa mizito. Muuguzi wa kliniki, mwenye foleni inayofika mlangoni, ataangalia kilo kwenye kadi, ataona mstari unapanda, kisha: "Mpe muda mama, atasimama tu." Na mara nyingi wote watatu huwa wamesema kweli.

Ugumu unaanzia hapo. Sisi tunaotetea huduma za mapema kwa watoto wanaochelewa tumezoea kumfanya bibi adui, na si haki. Mwaka 2022 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliandika upya orodha yake ya hatua za ukuaji. Awali kila hatua iliwekwa kwenye umri ambao nusu ya watoto huwa wameifikia. Sasa ni pale ambapo robo tatu wameifikia. Hatua chache za kwanza bila kushikwa zikaandikwa miezi 15, kutembea bila kushikilia kitu miezi 18, na kutambaa kukafutwa kabisa, maana wapo watoto wazima wanaosota au wasiotambaa siku hata moja. Wataalamu wa usemi walipinga baadhi ya mabadiliko, hasa maneno 50 yaliposogezwa kutoka miaka miwili hadi miezi 30. Nchi yenye sheria tangu 1986 ya kumhudumia mtoto wa namna hii kabla hajafika miaka 3 bado inabishana mstari uchorwe wapi. Bibi tumsamehe.

Ila kungoja nako kuna gharama, na hailipwi na wote. Mtoto ambaye tezi ya shingoni haitoi homoni ya kutosha huokolewa akili yake kwa kidonge cha kila siku, akianza katika wiki za mwanzo. Akianza baada ya mwaka, atarefuka, lakini akili iliyopotea hairudi yote. Kiziwi anayeitwa "mzito wa kusema" hupoteza miaka ambayo angejifunza lugha, ya alama au ya mdomo.

Kwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema ukashindwa kuongoza misuli vizuri, watu hudanganyana. Mazoezi hayaponyi ubongo ulioumia kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au kwa manjano kali, na anayeuza matumaini hayo humvunja mzazi moyo mara mbili. Faida iko kwingine: mama akifundishwa kumkalisha mtoto vizuri anapomlisha, hapaliwi, uji hauingii mapafuni, usiku analala. Viungo navyo havikakamai upesi. Kwangu mimi mlo usiomkaba mtoto ni hoja kubwa kuliko mihadhara yote kuhusu ubongo unaokua.

Basi tupime kila mtoto? Wapingaji wana hoja nzito. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Wilson na Jungner, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, waliweka masharti ya kuwapima watu wasiolalamika. Mojawapo ni kwamba pawepo tiba na pa kuipatia. Mama wa kijijini Nachingwea akiambiwa mtoto wake amechelewa, aende wapi? Kuna nauli, kuna siku ya shamba inayopotea, kuna mume anayesema kwao hakuna ugonjwa huo. Jina la ulemavu lisilofuatwa na msaada huishia kuwa minong'ono ya ukoo. Wanaoidharau hoja hii mara nyingi ni watu waliolipiwa nauli ya kwenda semina.

Kasoro yake ni kudhani huduma lazima iwe jengo na bingwa. Nchini Uganda yamejaribiwa mafunzo ya Baby Ubuntu, ambamo wazazi hukutana kikundi kidogo wakiongozwa na mzazi mwenzao aliyefundishwa. Rwanda, tangu 2014, hospitali ya Rwinkwavu ina kliniki ya kuwafuatilia njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, na waliochelewa kulia walipozaliwa. Kipimo nacho si lazima kiagizwe: watafiti wa Kilifi, Kenya, walitunga chao, cha watoto wa miezi 6 hadi 35.

Nikilazimishwa kuchagua, nitaanza na watoto kama wale wa Rwinkwavu. Watoto hawa hawahitaji kutafutwa, majina yao yamo kwenye daftari la wodi. Kuwapima wote kungoje. Kumsikiliza mama kusingoje: akisema mtoto hashtuki mlango ukibamizwa, mtoto apelekwe akapimwe masikio, mama asiambiwe ana wasiwasi bure.

Tanzania ina programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021. Ningeipima kwa siku moja tu: ya chanjo ya pili ya surua na rubela, miezi 18. Baada ya sindano hiyo akina mama wengi hawaoni tena sababu ya kurudi kliniki, na atakayefuata kumtazama mtoto kwa makini huenda akawa mwalimu wa awali. Kwa kutembea bila kushikilia kitu, mtoto wetu wa miezi 14 bado ana miezi minne ya kupewa muda kihalali. Siku hiyo ya sindano, kama bado anashikilia ukuta, kilo zake zisimruhusu kwenda nyumbani.