Dokta Remmy hakukosea kubaki Sinza

Kila Desemba, kumbukumbu ya Remmy Ongala, mwimbaji wa dansi mzaliwa wa Kongo aliyeitwa Dokta, inapofika, wapenzi wa muziki huo hurudia lawama ileile: kwamba alishika dunia mkononi, akaiachia, akabaki Sinza, Dar es Salaam, badala ya kuhamia Ulaya. Wanaolaumu hawasemi bila msingi. Mwaka 1988 alizunguka Ulaya na WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali. Mwaka uliofuata ikatoka albamu ya Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa Uingereza katika studio za Real World za mwanamuziki Peter Gabriel, na mwaka 1992 ikafuata albamu ya Mambo. Baada ya hapo jina lake kule likaanza kufifia. Akaendelea kupiga kumbi za Dar es Salaam, maradhi yakampunguza kasi, akageukia nyimbo za dini, na tarehe 13 Desemba 2010 akafariki akiwa na miaka 63.

Hoja yao ni nzito, wala siyo ya wivu wala dharau. Kanda Bongo Man, mwanamuziki wa Kongo, alihamia Paris mwaka 1979, na mwaka 1983 alikuwa tayari jukwaani WOMAD. Papa Wemba, ambaye naye alirekodi na Real World, aliweka mguu mmoja Kinshasa na mwingine Paris. Ukisema Remmy alikwamishwa na Kiswahili, watakuonyesha Samba Mapangala, Mkongo mwenzake aliyeimba Kiswahili tangu akiwa Nairobi, akahamia Marekani na kuendelea kupiga muziki. Halafu kuna hesabu ambayo mashabiki wengi hatuipigi. Mwandaaji wa tamasha Ulaya akimtaka mwanamuziki anayeishi Paris, anamkatia tiketi ya treni. Akimtaka Remmy na bendi yake ya Super Matimila, inabidi atafute viza na tiketi za ndege za bendi nzima kutoka Dar, wapiga magitaa, ngoma na wengineo, pamoja na malazi yao. Afanye hivyo mara ngapi kabla hajachoka?

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni ile picha ya mtu aliyerudi Sinza kwa kukosa akili ya biashara. Waliompenda kwa magitaa pekee huenda ndio wanaoliona hivyo.

Sikiliza namna wimbo wake unavyokwenda. Unaanza taratibu. Remmy anasema zaidi ya anavyoimba, kama mtu mzima aliyekaa kwenye mkeka msibani akiwasemesha waliomzunguka. Kwenye Kifo anakikabili kifo chenyewe. Kwenye Sauti ya Mnyonge anawasemea wasio na wa kuwasemea. Hapo katikati ya maneno ndipo ukumbi wa Dar uliponyamaza. Baadaye magitaa yanachemka na watu wanainuka kucheza, lakini wanacheza wakiwa wameshabeba kitu. Shabiki wa Ulaya, kwa heshima zote, alianza kuusikia wimbo pale kwenye mchemko. Nusu ya kwanza kwake ilikuwa kama kusubiri. Remmy mwenyewe aliuita muziki wake muziki wa ubongo, na huo ubongo ulikaa kwenye maneno.

Chukua Mambo kwa Soksi, wa mwaka 1990. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu naamini wimbo huu peke yake unatosha kubadilisha mjadala. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka saba baadaye watu walikuwa wakizikana, na ndani ya nyumba nyingi ugonjwa wenyewe haukutajwa jina. Kondomu ndiyo kabisa: nani aitamke mbele ya mama mkwe? Remmy akaiita soksi. Neno la kabatini, linalotamkika mbele ya mtu yeyote, na kila mtu akaelewa. Radio Tanzania ilikataa kuupiga, na wakati huo hapakuwa na redio nyingine bara, kwa hiyo kwa kawaida wimbo uliokataliwa pale ulikuwa umezikwa. Huu haukuzikika. Ulikwenda kwa kanda, ukanakiliwa kutoka kanda hadi kanda mpaka sauti ikawa na ukungu, ukapigwa kwenye baa, ukaimbwa na wanaume ambao daktari akiwaambia jambo hilohilo wangegeuza uso.

Wimbo wa namna hiyo hauandikwi Paris. Siyo kwamba Paris hakuna watunzi. Ni kwamba ili uchague neno "soksi" lazima uwe umekaa kwenye misiba ya mtaani, umesikia watu wanavyokwepa kusema marehemu aliumwa nini, na unajua kipimo cha aibu yao: ukizidisha kidogo wanaondoka, ukipunguza hawaelewi. Mtu aliyezaliwa Kindu, akaingia Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, alikijua kipimo hicho kuliko wengi tuliozaliwa hapa. Alikijua kwa kuishi. Mtaa ukamlipa kwa njia yake: kituo cha daladala pale Sinza kinaitwa Kwa Remmy hadi leo.

Na ile njia anayolaumiwa kwa kutoifuata, kwa kiasi fulani aliijaribu. Albamu ya Mambo ilitayarishwa na Rupert Hine, mtu aliyewahi kufanya kazi na Tina Turner, na ndani yake Remmy anaimba Kiingereza: One World, No Money No Life, I Want to Go Home. Zipige, kisha upige Kipenda Roho ya albamu iliyotangulia. Sauti ni ileile nzito yenye mkwaruzo, wapigaji wanajua kazi yao, studio ni safi. Lakini kwenye Kiingereza Remmy anakuwa mgeni mstaarabu anayechunga asikosee. Mafumbo hayapo, utani haupo, ule ujasiri wa kumkatiza mtu njiani na kumwambia ukweli umepungua. Wanaotamani angehamia huko wajiulize kama wangepata Remmy wawili, wa hapa na wa kule, au wangempoteza hata huyu mmoja.

Je, hakukosea popote? Alikosea, ila siyo kwenye anwani. Muziki wetu wa dansi ulikuwa na sheria isiyoandikwa: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Hata jina Matimila lilitoka kwa mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Mwimbaji angeweza kuwa mfalme wa jiji usiku wa Jumamosi, na Jumatatu akawa hana hata gitaa la kuita lake. Kanda zilinakiliwa na kuuzwa Kariakoo bila mtunzi kuona senti. Sheria ya hakimiliki tuliyoizoea leo ilipitishwa mwaka 1999, COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikafuata. Kufikia hapo nyimbo zake bora zilikuwa zimeshakula chumvi, zikilisha wauza kanda.

Kwamba ungeweza kukaa nyumbani na bado kusikika Ulaya, Hukwe Zawose, mpiga marimba na zeze, alituonyesha. Yeye naye alirekodi na Real World, akaishi Bagamoyo, akaenda na kurudi hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Kweli, marimba na zeze havihitaji mizigo ya bendi ya dansi, na ulinganisho huu una mipaka yake. Ila nao unaonyesha kwamba kilichohitajika kilikuwa mpangilio.

Ningekuwa meneja wake mwaka 1989, fedha ya kwanza ya Ulaya ingenunua vyombo, kwa risiti yenye jina la Ramazani Mtoro Ongala. Ya pili ingelipa mwanasheria aandike nani anamiliki nini katika kila wimbo, zile za zamani zikiwemo. Kiangazi cha Ulaya ningempeleka na wapigaji sita badala ya bendi nzima, arudi Septemba akiwa na hadithi mpya. Nyumba ningeiacha palepale Sinza.