Chanjo ya kideri sio feki, tatizo mara nyingi ni sisi
Kuna mtu kaandika eti kuku wakichanjwa kideri (ugonjwa wa virusi wa kuku, Newcastle) halafu wakafa basi chanjo ni feki, hapo mwandishi kakurupuka. Mi nafuga mwaka wa saba huu na nimeshawahi kupoteza karibu banda zima wakiwa wamechanjwa, kumbe kosa langu mwenyewe, nilichanganya na maji ya bomba yenye klorini na ile chanjo ni virusi hai, klorini inaviua kabla hata kuku hajanywa. Halafu vifaranga, wanatoka kwenye yai na kinga ya mama yao, ukiwachanja mapema ile kinga inaimeza chanjo, ndo maana hata watoto wetu surua wanasubiri miezi 9 hawachomwi siku ya kuzaliwa. Na gumboro jamani, ule ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku! Ikipita bandani inaharibu kile kiungo kinachotengeneza kinga ya kuku, baada ya hapo chanja utakavyo. Mahindi yenye ukungu nayo yanashusha kinga, ila nani anakubali kuyatupa na bei hizi. Wanaotumia I-2, ile chanjo ya kideri ya matone ya jicho, mnarudia kila miezi 3 au mnavuta mpaka 4?