Kuwanyamazisha bakteria bila kuwaua

Kikao cha Bunge la Taifa la Kenya hakiendelei bila akidi ya wabunge 50. Bakteria nao wana akidi yao. Kila mmoja hutoa molekuli ndogo nje ya mwili wake. Wakiwa wachache molekuli hizo hupotea, wakisongamana zinajaa, na bakteria wote hubadili tabia kwa pamoja: kutoa sumu, kujenga utando wa ute unaowakinga, au kuwaka mwanga kama wale wa baharini walioelezwa mwaka 1970.

Wazo la kuziba mawasiliano hayo kwa dawa, yaani kizibo, hukutana na jibu moja: bakteria ambaye hajafa bado ni adui. Jibu hilo linapita haraka mno.

Mtazame bakteria Pseudomonas aeruginosa, anayesumbua vidonda vya moto kwa usaha wa kijani. Mweke kwenye chupa yenye kaseini tu, protini ya maziwa. Hawezi kuimeza nzima. Lazima amwage vimeng'enya nje viivunje, na havimwagi mpaka akidi itimie. Hapo kuwasiliana ndiko kukua kwenyewe. Aliye kiziwi, asiyepokea ishara za wenzake, akiwa peke yake hudumaa. Mchanganye na wanaosikia, atanawiri, kama mwanachama wa chama anayepokea zamu yake bila kuchanga.

Ukiua kwa antibiotiki, sugu mmoja aliyebaki hurithi chakula chote. Ukinyamazisha, sugu anayeendelea kusikia humwaga vimeng'enya kwa gharama yake, na majirani viziwi wanakula. Usugu wake haumfaidishi sana, kwa hiyo hauna haraka ya kuenea. Mwaka 2019 usugu wa dawa uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27, na mimi siwezi kuipuuza tofauti hiyo.

Wapinzani wana hoja pia. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba usugu dhidi ya vizibo hivi hutokea: bakteria wakilishwa adenosini, kemikali inayosagwa ndani ya seli ya anayesikia tu, huyo hula peke yake. Halafu kuna kipindupindu, ambacho Nairobi inakijua vizuri. Bakteria wake, Vibrio cholerae, huenda kinyume: wakijaa ndipo huacha kutoa sumu na hulegeza utando. Ukiwaziba masikio unawafanya wang'ang'anie. Kwao ingefaa kuwapa ishara mapema, ili waamini kuwa wamekwisha jaa.

Lakini hayo yanatuambia dawa ipi kwa kijidudu kipi. Kwa mgonjwa aliyeungua moto ambaye kinga yake ingali na nguvu, ningetaka kizibo kijaribiwe pamoja na antibiotiki, utando ukiwa bado mwembamba.