Mshindi wa Mita 4,600

Wiki moja kabla ya mashindano, kocha alitugawia fomu ya kujitathmini: uwezo wako, udhaifu wako, na unachopenda kufanya ukiwa huna kazi. Kwenye uwezo nikaandika, "Nina hesabu kali na sibabaiki." Kwenye udhaifu nikapiga mstari, sikutaka kumpotezea kocha muda. Kwenye la tatu nikasita, halafu nikasema liwalo na liwe: "Kufuma sweta."

Ndiyo, nafuma. Mvulana mzima, miguu kama ya korongo, sindano mbili mkononi. Wenzangu walinicheka mpaka baridi ilipoingia, wakaanza kuulizia kofia. Na kufuma ni kuhesabu tu: ukiruka kitanzi kimoja mstari wa tatu, sweta litakuumbua mstari wa arobaini. Ndiyo maana nilijiona nimezaliwa kukimbia mita 5,000. Mizunguko 12 na nusu. Mtu wa vitanzi 120 kwa mstari atashindwa na hiyo?

Shida ni ile nusu. Mbio hizo huanzia upande wa pili wa uwanja, kwa hiyo ukipita mstari wa kumalizia mara ya kwanza umekimbia mita 200 tu. Mimi nikahesabu moja. Kwenye kufuma, mstari wa kuanzia nao ni mstari, sasa utaniambia nini?

Nikaenda hivyo, nahesabu kimoyomoyo kwa raha zangu. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Hapo nikafyatuka. Nawapita watu kama milingoti ya goli. Mmoja akaguna, "Huyu ana wazimu?" Nikajua ni wivu. Nilipokanyaga mstari, kengele ikalia. Kengele ya pongezi, hiyo! Na kibao cha pembeni kikaonyesha namba kubwa nyeusi: 1. Kumbe wananiandikia na nafasi kabisa. Watu waungwana.

Nikanyanyua mikono. Nikapiga magoti. Nikabusu uwanja, una ladha ya mpira uliochomwa na jua. Kisha nikakaa, nikalegeza kamba za spaiki ya kushoto, nikaivua vidole vipate hewa. Wenzangu wakawa wananipita mbio, nami kwa moyo mkunjufu nawapigia makofi: "Kazaneni, nafasi ya pili bado ipo!"

Kocha alikuwa anarukaruka pembeni. Nikampungia spaiki. Akashika kichwa. Nikadhani furaha imemzidi, mpaka upepo ukaniletea neno moja: "Mzungukoooo!"

Nikatazama kibao. Moja. Nikatazama kengele. Nikatazama migongo ya watu tisa ikikata kona.

Muda wa kuvaa kiatu haukuwepo. Sheria za riadha, tushukuru, zinaruhusu kukimbia pekupeku au hata na kiatu mguu mmoja, na kwa kuwa sikuwa nimetoka nje ya njia, bado nilikuwa mashindanoni. Nikaondoka, mguu mmoja unalia kwa, mwingine unalia pa. Spaiki nyingine ilikuwa mkononi kama kijiti cha kupokezana, na pale kona ya pili mtu mmoja jukwaani akauliza kwa sauti nampelekea nani. Niliwapata wawili. Nikamaliza wa nane, na safari hii kibao hakikuniandikia chochote.

Jioni kocha akaniita. Mezani palikuwa na fomu yangu na kalamu nyekundu. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaweka kidole kwenye "hesabu kali", akakiteremsha taratibu mpaka kwenye ule mstari wa udhaifu, akaniangalia.

"Hilo sweta unalofuma sasa hivi ni la nani?"

"Ni lako, kocha. Nilitaka liwe zawadi."

Akanyamaza kidogo, akaiweka kalamu chini.

"Lina mikono mingapi?"

"Miwili, kocha."

"Umehesabu vizuri?"