Papandreou na deni la Ugiriki: tusimhukumu kwa nusu ya habari

Kila ikitajwa Ugiriki na madeni yake lazima Andreas Papandreou, waziri mkuu wake wa miaka ya themanini, atupiwe lawama, eti yeye ndo chanzo cha balaa lote. Mi nakubali nusu tu, na hiyo nusu nyingine inaniuma watu wanavyoisahau.

Maana angalia nchi aliyoikuta 1981. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1949, ila kwa miaka kibao baada ya hapo ukitaka kazi serikalini au hata pasipoti lazima polisi wakupe cheti kwamba we sio mkomunisti, na kama baba yako alikuwa porini na wapiganaji wa mrengo wa kushoto basi na wewe imekula kwako. Vile vyeti vilikufa pamoja na utawala wa kijeshi 1974 lakini kidonda kilibaki. Papandreou ndo akaja kuwatambua rasmi, 1982, wale wa kushoto waliopigana na Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Pili, na wakimbizi wa ile vita ya wenyewe kwa wenyewe waliozeekea Tashkent, kule Umoja wa Kisovieti, wakaruhusiwa kurudi kwao (wenye asili ya Kigiriki tu, wenzao Wamasedonia wa Kislavi wakaachwa nje, na hilo ni doa lake). 1983 akafuta mahari, ambayo kule familia ya binti ndo ilikuwa inatoa, akaanzisha huduma ya afya ya taifa. Nje ya nchi alisimama na Nyerere, Indira Gandhi wa India na Palme wa Sweden 1984 kuzitaka nchi kubwa zisimamishe silaha za nyuklia. Hayo sio madogo jamani.

Sasa ubaya wake. Mlango aliowafungulia waliotengwa ukageuka mlango wa chama, kadi ya PASOK, chama chake, ikawa ndo njia ya ajira serikalini, na mishahara hiyo ililipwa kwa mikopo. Kwenye kashfa ya wizi wa hela za Benki ya Krete, mahakama ilimwachia 1992, kura 7 kwa 6, lakini mawaziri wake wawili walitiwa hatiani.

Kinachonifanya nisimsamehe ni kwamba huyu alikuwa profesa wa uchumi, kafundisha chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, hesabu alikuwa anazijua. 1985 alimpa Simitis, waziri wake wa uchumi, kazi ya kubana matumizi, mfumuko wa bei ukaanza kushuka, halafu 1987 uchaguzi unakaribia akamgeuka, Simitis akajiuzulu, hela zikaanza kumwagwa tena.