Orodha ya malighafi: ishikwe na ofisi au na fundi?

Hapa Dar es Salaam, karakana za chuma za Gerezani, mafundi samani wa Keko na viwanda vya kando ya Barabara ya Nyerere havilingani kwa mtaji wala kwa mashine. Tatizo moja huwakuta wote: orodha ya malighafi iliyoko ofisini, yaani ile inayosema kila bidhaa inahitaji nini na kwa kiasi gani, haisemi kile kinachotumika kweli kwenye kazi. Ofisi inanunua kwa karatasi yake, fundi anakata kwa akili yake, na mtunza stoo anazipatanisha hesabu mwisho wa mwezi kwa kuandika "vimeharibika".

Wapo wanaotaka orodha hiyo ifungwe: ikae kwa mtu mmoja ofisini, na mtu mwingine asiiguse mpaka aombe ruhusa. Wengine wanasema kwa soko la Dar es Salaam hilo haliwezekani, mwachieni fundi aamue. Kila upande una hoja nzito.

Chukua meza ya mwanafunzi yenye miguu minne ya bomba la mraba, kila mguu sentimita 70. Oda ni meza 100, yaani miguu 400, yaani mita 280. Bomba lina mita 6. Karani anagawanya, anapata 46 na kidogo, ananunua 47. Lakini bomba moja linatoa miguu minane tu, na kipande kinachobaki hakifiki urefu wa mguu. Miguu 400 inahitaji mabomba 50. Siku ya mwisho mabomba matatu hayapo, kazi inasimama, mtu anatumwa dukani akanunue kwa bei ya rejareja na nauli juu.

Hapo upande wa kwanza unapata nguvu: kama orodha ingeandikwa kwa mabomba na siyo kwa mita, hasara hiyo isingetokea. Lakini tuendelee na meza hiyohiyo. Ukitoa miguu minane, na kila mkato ukila kama milimita 3, bomba linabakiza sentimita 37 na ushei. Tuseme kila meza ina vishikizo viwili vya rafu vya sentimita 36, jumla 200. Ukivikata kwenye mabomba mapya, bomba moja linatoa 16, hivyo unahitaji mabomba 13. Ukianza na vile vipande 50 vilivyobaki kwenye miguu, unahitaji 10 tu. Mabomba matatu yamerudi. Ofisini hakuna aliyeliona hilo. Aliyeliona ni fundi aliyekuwa anavirushia vipande kwenye kona, akijua vina kazi.

Ndiyo maana nasema wote wawili wanakosea mahali pamoja. Wa kwanza wanadhani usahihi unatoka ofisini. Wa pili wanadhani ujuzi wa fundi unatosha hata usipoandikwa, wakati oda inayofuata inaweza kumkuta fundi mwingine kabisa.

Tangu kampuni ya kompyuta ya IBM na wengine walipoanza kupanga malighafi kwa kompyuta miaka ya 1960, fani hii ya kupanga malighafi imejiwekea viwango vikali. Kipimo kinachofundishwa sana ni orodha za malighafi kuwa sahihi kwa asilimia 98, na kumbukumbu za stoo kwa asilimia 95. Orodha inadaiwa zaidi kwa sababu kosa la stoo ukilihesabu upya limekwisha, ila kosa la orodha linajirudia kwenye kila oda.

Upande wa pili una hoja yake nzito kwenye mbadala. Duka halina bomba la geji 18, lina geji 16, ambalo ukuta wake ni mnene zaidi. Fundi akilichukua, meza inakuwa nzito na ghali zaidi, lakini haitavunjika. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Bomba la milimita 25 kwa 25 lenye ukuta wa milimita 1.2 na urefu wa mita 6 linatakiwa kuwa na kilo 5.4 hivi. Mizani ikisoma kilo 4.5, umeuziwa la milimita 1. Mchomeleaji hulitambua mapema kwa sababu linatoboka akilichoma. Karani mwenye orodha iliyoandikwa "bomba la mraba, inchi moja" hana cha kumshikia muuzaji. Atanunua la bei nafuu na kusifiwa. Orodha ya namna hiyo hata ukiifunga kwa kufuli haina maana. Iandike unene na uzito, na mbadala unaokubalika uandikwe kabla ya kuhitajika.

Kuna viwanda ambako sikubaliani kabisa na uhuru wa fundi. Anayetengeneza juisi au losheni habadilishi kiungo kwa sababu cha kawaida kimeisha dukani. Tangu Julai 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na kilichoandikwa kwenye lebo lazima kiwe ndicho kilichomo. Vivyo hivyo kwa kiwanda kinachoingiza malighafi kwa nafuu ya ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: kinatakiwa kuonyesha malighafi iliyoingia imeishia kwenye bidhaa ipi na kwa kiasi gani. Huko orodha ni ushahidi mbele ya mamlaka ya mapato, TRA, na pengo likionekana hakuna wa kukuamini kwa mdomo.

Kwa karakana ya watu kumi, sioni haja ya kukimbilia programu ya gharama kubwa. Daftari linatosha, Excel inatosha, ilimradi orodha iwe moja. Mafaili manne ya bidhaa ileile yanayozunguka WhatsApp, kila moja likiitwa "ya mwisho", ni mabaya kuliko kukosa orodha, maana kila mtu ana karatasi ya kujitetea nayo. Badiliko lipendekezwe na fundi, lijaribiwe kwenye meza moja, liandikwe tarehe na jina lake, na ofisi inunue kwa orodha mpya kuanzia oda inayofuata.

Linalobaki ni gumu zaidi, na wenye karakana hawapendi kulizungumza. Fundi anayelipwa kwa kipande anaushika mkato wake kichwani kwa sababu ndio unaomfanya aitwe tena. Akiuandika kwenye orodha, kesho kijana wa bei ndogo atafanya kazi ileile. Kwa hiyo anayetaka orodha ya kweli aingize kwenye mapatano sehemu ya akiba inayopatikana, mathalani fungu la bei ya yale mabomba matatu, na alipe kwenye kila oda inayotumia mkato huo, hata kama aliyeukata siku hiyo ni mwingine.