Faili Lipo, Simu Inasema Halipo

Jamani, hizi simu za Linux! Unamtengenezea Mangi, mwenye duka wa Pasua, programu ndogo tu ya daftari la madeni: sukari robo, mafuta ya kupima, nani kalipa, nani kazima simu. Kwenye laptop inateleza kama bodaboda inayoshuka Marangu. Unainakili kwenye simu, unaiita, inakujibu Exec format error. Hapo sawa, kosa ni lako: laptop ni x86_64, simu ni aarch64, yaani prosesa zao hazisemi lugha moja.

Unaijenga upya (compile) kwenye kompyuta ya aarch64 yenye Debian, aina ya Linux, unairudisha. Sasa simu inasema: not found. Not found vipi? Unapiga ls, amri ya kuorodhesha mafaili, faili lile pale, limekaa kama mjomba aliyewahi harusini. Unaliita tena: halipo! Mtu unaweza kuanza kumshuku jirani.

Kumbe simu haisemi faili lako halipo. Programu iliyojengwa kwenye Debian inategemea glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C, na kabla ya yote inatafuta mpakiaji wake (loader, anayeiwasha), /lib/ld-linux-aarch64.so.1. postmarketOS, mfumo wa simu hii, imesimama juu ya Alpine, aina nyingine ya Linux inayotumia musl badala ya glibc, na mpakiaji wa huko ni ld-musl-aarch64.so.1. Dereva ndiye hajaonekana, halafu wanatangaza stendi nzima kwamba abiria hajafika! Piga amri file daftari kwenye ile kompyuta ya Debian, soma mbele ya neno interpreter, utamwona anayetafutwa. Dawa ni kujengea ndani ya simu yenyewe: sudo apk add build-base gtk4.0-dev, kisha make, kisha chai. Usiharakishe chai.

Inafunguka. Kitufe cha Hifadhi kiko wapi? Kimesukumwa hadi Himo! Kioo ni pikseli 720 kwa 1440, lakini Phosh, inayochora skrini ya simu hii, inakuza kila kitu mara 2, kwa hiyo programu haipati zaidi ya 360 kwa 720. Na Mangi kaandika mdaiwa "Mama Doreen wa Msaranga karibu na mashine ya kusaga". GTK, maktaba inayochora dirisha na vitufe, haikati jina mpaka uiambie, inapanua dirisha. Usitumie ellipsize (kukata jina na kuweka nukta tatu) hapa, maana Mama Doreen wako wawili na tofauti yao iko mwishoni kabisa. Tumia gtk_label_set_wrap, jina lishuke mstari wa pili, na wrap mode iwe WORD_CHAR: livunjwe kati ya maneno, ikishindikana kati ya herufi. Fomu nzima iweke ndani ya GtkScrolledWindow, dirisha la kusogeza juu na chini, la sivyo kibodi ikipanda, sehemu ya kuandika kiasi inafunikwa na Mangi anaandika deni kwa imani.

Ikoni haionekani? Jina la faili la .desktop, linaloitambulisha programu kwenye menyu, lifanane herufi kwa herufi na application ID, jina la utambulisho uliloipa programu ndani ya kodi. Basi.

Balaa ni kengele. Mangi anataka ikumbushe saa 12 jioni. Saa 9 alasiri unaweka g_timeout_add, kipima muda cha kusubiri saa tatu, inalia usiku wa manane, mke wa Mangi anauliza Mama Doreen ni nani. Simu ikilala, hiyo hesabu nayo inalala. Usihesabu muda uliobaki: hifadhi saa yenyewe ya kulia, kila sekunde 60 ilinganishe na g_get_real_time, saa halisi ya simu, na ikiwa imeshapita sana, onyesha ujumbe bila mlio. Ukitaka simu iamke yenyewe ni amri ya rtcwake -m no -t, na hiyo inadai root, mamlaka kamili juu ya simu.

Sasa nani wa kumpa Mangi root?